Namba Zilizogongwa Kwenye Shaba: Majina ya Risasi Kutoka Karema Hadi Sitalike

Risasi ya .303, iliyobebwa kwa miongo mingi na askari wa King's African Rifles na mabwana nyama wa Tanganyika, haina upana wa inchi 0.303. Kipime kichwa chake utapata inchi 0.311 au zaidi kidogo. Risasi ya bunduki ya kivita ya SMG huitwa 7.62, lakini kichwa chake kina upana wa milimita 7.92. Ile ya Mauser ya Mjerumani, ambayo ndiyo hasa inayoitwa 7.92, ina kichwa cha milimita 8.2. Hakuna fundi aliyekosea kupima. Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyochongwa kwa kuzunguka ili risasi itoke ikizunguka kama pia, na baina ya mfereji na mfereji kuna tuta. Mmoja hupima kutoka tuta hadi tuta. Mwingine hupima kutoka chini ya mfereji huu hadi chini ya ule wa upande wa pili. Wa tatu hukipima kichwa chenyewe cha risasi, na wa nne huchagua namba itakayovutia dukani. Namba zote hizo huandikwa kwa mtindo mmoja, basi msomaji hudhani zinajibu swali moja.

Mimi nazisoma namba hizo kama masharti. Tangu ganda la shaba lilipochukua nafasi ya baruti iliyomiminwa kwa mkono, jina la risasi lilimwambia mwenye bunduki ni kiwanda gani, na mara nyingi ni taifa gani, atakalolitegemea kila anapotaka kufyatua. Katavi inafaa kuwa mahali pa kulichambua jambo hili, kwa kuwa karibu kila mfumo wa kuzipa risasi majina umeipitia nchi hii iliyo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na silaha ya zamani isiyohitaji jina la kiwandani haijawahi kuondoka.

Mkoa ulianza mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, makao yake yakiwa Mpanda. Lakini Agosti 1879 Kapteni Ernest Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na jumuiya ya Mfalme Leopold II, alikuwa tayari Karema, ufukweni mwa ziwa, akianza kujenga kituo. Desemba mwaka huohuo alifika hapo Frederick Carter, kapteni kutoka Ireland, akiwa na tembo mmoja aliyesalia kati ya wanne walioletwa kutoka India na kushushwa Msasani. Leopold alitaka kujua kama tembo wa kufugwa wangeweza kuwapumzisha wapagazi. Juni 1880, Carter na mwenzake Tom Cadenhead wakiwa njiani kurudi pwani, waliuawa Mpimbwe, kijiji hicho kiliposhambuliwa na wapiganaji wa Mtemi Mirambo na mshirika wake Simba. Ndiyo Mpimbwe ya leo, katika Wilaya ya Mlele.

Njia ile ya Tabora, Ukonongo, Mpimbwe na Karema ilikutanisha aina mbili za bunduki. Misafara ya Wazungu ya miaka hiyo ilibeba za kupakia nyuma, zenye risasi za shaba: Snider, Martini-Henry, Winchester. Zanzibar nako Sultani Barghash alikuwa na askari wapya chini ya Lloyd Mathews tangu mwaka 1877, wakiwa na bunduki za Snider walizopewa na Waingereza. Lakini bunduki nyingi zilizokuwa mikononi mwa Wanyamwezi, Wakonongo, Wapimbwe na Wabende zilikuwa za kupakia mdomoni, gumegume na za fataki. Zilikuwa mabaki ya majeshi ya Ulaya, yaliyozitupa sokoni kila yalipopata silaha mpya. Balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria mwaka 1888 kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia bara kila mwaka kupitia pwani hii. Ni hesabu ya kutisha, nayo ilisaidia kuzaa Mkataba wa Brussels wa Julai 1890.

Mkataba huo haukukataza bunduki zote. Kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, ulizuia bunduki za mitutu yenye mifereji, za kupakia nyuma, pamoja na risasi zake. Gumegume na baruti ya kawaida ziliachiwa biashara, kwa vibali. Waliouandika walijua walichokuwa wanafanya. Bunduki ya kupakia mdomoni haikumfunga mtu kwa muuzaji mmoja. Kipande cha risasi kikiwa kikubwa, kinagongwa kipungue. Kikiwa kidogo, kinavingirishwa kitambaa. Pakikosekana risasi, msumari au kokoto ya chuma ilitosha. Haikuwa silaha ya shabaha wala ya kasi, na ndiyo maana iliruhusiwa. Kwa upande mwingine haikuwezekana kuizima kwa kufunga ghala moja.

Ganda la shaba lilileta nguvu kubwa na utegemezi mkubwa kwa pamoja. Vitu vilivyokuwa vinabebwa mbalimbali, yaani fataki, baruti na kichwa cha risasi, viliwekwa ndani ya chombo kimoja cha shaba ya njano, mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Baruti inapowaka, ganda hutanuka na kubana kuta za chemba, gesi isipate upenyo wa kumrudia mpigaji usoni. Shinikizo likishuka, ganda hujirudi kidogo na kuvutwa nje. Bunduki za kupakia nyuma zilizotangulia, zenye risasi za karatasi, zilivujisha moto kwenye kifungo. Ganda la shaba ndilo lililoziba. Lakini kitu kinachoziba kwa kutanuka lazima kilingane na chemba karibu kabisa. Likiwa kubwa, haliingii. Likiwa dogo, hupasuka. Hapo ndipo jina lilipokuwa jambo la kufa na kupona, kwa kuwa macho pekee hayatofautishi risasi mbili zinazokaribiana kwa sehemu ya milimita.

Mwaka 1866 watu wawili walikamilisha, kila mmoja kwao, namna ya kuiweka fataki katikati ya kitako cha ganda: Kanali Edward Boxer wa maabara ya jeshi ya Woolwich, Uingereza, na Hiram Berdan wa Marekani. Baadaye mambo yakabadilishana. Mfumo wa Boxer ulipendwa Marekani, kwa sababu fataki iliyotumika hung'olewa kirahisi na ganda likajazwa tena. Mfumo wa Berdan ulichukuliwa na majeshi ya bara la Ulaya. Ganda la kwanza la Boxer lilikuwa la karatasi nyembamba ya shaba iliyovingirishwa. Katika joto na vumbi, kwenye chemba iliyochafuliwa na masizi ya baruti, kitako chake kiliweza kung'oka na kuacha mwili umekwama ndani. Waingereza waliyaona hayo Sudan mwaka 1885, katika mapigano ya Abu Klea, ndipo maganda hayo yakayaachia nafasi maganda yaliyovutwa kutoka bamba moja la shaba. Kuvuta shaba namna hiyo kunahitaji mitambo mizito na vipimo ambavyo mhunzi wa kijijini hana, hata awe hodari kama wale wayeyusha chuma wa Ufipa.

Turudi kwenye majina. Mfumo wa kale kuliko yote haukupima mtutu hata kidogo; ulipima uzito. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, yaani gramu 454, uigawe kuwa mipira inayolingana. Mpira mmoja kati ya 12 unaojaa mtutu wako ndio unaoipa bunduki hiyo namba 12. Ndiyo sababu namba hii hukua kadiri mtutu unavyopungua, na namba 4 ya wawindaji wa tembo wa karne ya 19 ilikuwa mzinga wa kubebwa begani. Mfumo huo haujafa. Anayenunua risasi za shotigani Mpanda leo ataomba za namba 12, akitumia bila kujua hesabu iliyotangulia ganda la shaba. Kwa hesabu hiyo hiyo Snider yenye inchi 0.577 ilikuwa bunduki ya namba 24.

Mpanda yenyewe ina deni kwa madini haya ya risasi. Reli ya kutoka Kaliua, karibu kilomita 210, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa Mukwamba wa kampuni ya Uruwira Minerals, uliotoa risasi pamoja na fedha, dhahabu na shaba hadi ulipofungwa mwaka 1960. Madini yalipanda treni kuelekea bandarini, na risasi za bunduki zikaendelea kushuka kutoka ng'ambo. Sioni ajabu katika hilo. Katika risasi ya kisasa, madini ya risasi ni sehemu rahisi kuliko zote. Ugumu uko kwenye ganda, fataki na baruti isiyotoa moshi, na hayo matatu ndiyo yanayoamuliwa na jina.

Waingereza walipoacha uzito walishika inchi. Snider ikawa .577 kwa mtutu wake. Kisha mwaka 1871 jeshi lao likapokea Martini-Henry, yenye mtutu mwembamba zaidi, .450. Risasi yake ilitengenezwa kwa kuchukua ganda nene la kipimo cha .577 na kulibana shingo limeze kichwa cha .450, ili ganda liwe fupi lakini libebe baruti ya kutosha: baruti greni 85, kama gramu 5.5, nyuma ya kichwa cha greni 480, kama gramu 31. Ikaitwa .577/450. Huo ni ukoo ulioandikwa kwa namba, mzazi kwanza na mtoto nyuma ya mshazari. Ukiujua ufunguo huo, unaweza kusoma majina mengi ya bunduki za wawindaji waliokuja baadaye: .450/400 ni mtoto wa .450, na .500/465 ni mtoto wa .500.

Wamarekani walikwenda njia yao. Risasi ya jeshi lao ya mwaka 1873 iliitwa .45-70-405: upana wa inchi 0.45, baruti greni 70, kichwa greni 405. Huu ulikuwa mfumo mkarimu. Ulimweleza mwenye bunduki jinsi ya kuijaza tena nyumbani, na kwa taifa la wachungaji na wawindaji wa nyikani hilo lilikuwa na maana. Lakini baruti isiyotoa moshi ilipofika, uzito wa baruti haukueleza tena nguvu, na namba ya pili ikapotea njia. Katika .44-40 ni uzito wa baruti nyeusi. Katika .30-30 ni uzito wa baruti mpya. Katika .30-06 ni mwaka, 1906. Katika .22-250 ni mzazi, mpangilio wa Kiingereza uliogeuzwa kichwa chini. Mstari mmoja mdogo, na nyuma yake maana nne.

Watu wa bara la Ulaya walitumia milimita, na kwa muda walidhani upana peke yake unatosha. Haukutosha. Mauser ya Mjerumani ya mwaka 1871 ilikuwa milimita 11. Gras ya Mfaransa ya mwaka 1874 ilikuwa 11. Albini ya Mbelgiji, iliyobebwa na askari wa Force Publique, jeshi la Kongo, ng'ambo ya pili ya Ziwa Tanganyika, ilikuwa 11. Mtu aliyesimama ufukweni mwa Karema miaka ya 1890 na kuulizia risasi za milimita 11 angeweza kupewa za aina tatu, na mbili kati ya hizo zisingefaa. Ndiyo maana ikabidi kuongeza urefu wa ganda na herufi ya kuonyesha kama kitako kina ukingo uliotokeza: Mauser ikawa 11×60R, Gras 11×59R, Albini 11×50R. Majeshi yenyewe hayakusema hivyo wakati ule. Mjerumani aliita yake kwa mwaka tu, risasi ya 71, na iliyofuata risasi ya 88. Kuandika upana na urefu ni kazi ya wenye viwanda na maduka, waliolazimika kuuza risasi za mataifa mengi kwenye kaunta moja.

Kwa maoni yangu mfumo huu wa upana kwa urefu ndio bora kuliko yote, kwa kuwa unapima kile kinachozuia ajali. Nao pia uliwahi kuponyoka. Risasi ya Kijerumani ya mwaka 1888 ilikuwa na ganda la milimita 57 na kichwa cha milimita 8.08. Baadaye jeshi lilichonga mifereji kwa kina zaidi, na mwanzoni mwa karne iliyofuata likapokea kichwa kipana zaidi cha ncha kali, chenye upana wa milimita 8.2, juu ya ganda lilelile. Jina la 8×57 halikuonyesha tofauti hiyo, na kichwa kipya kikilazimishwa kupita kwenye mtutu wa zamani shinikizo hupanda kwa hatari. Zikaongezwa herufi: J kwa ya zamani, JS kwa mpya. Herufi J yenyewe ilikuwa I ya neno la Kijerumani la askari wa miguu, ikasomwa J kwa sababu ya mwandiko wao. Usalama wa watu ukawa unaning'inia kwenye herufi iliyosomwa vibaya, na umeendelea hivyo hadi leo.

Namna majina haya yalivyoamua mambo inaonekana wazi zaidi vitani. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alipolishinda jeshi la Kijerumani la Zelewski kule Lugalo, Agosti 1891, Wahehe waliteka bunduki kama 300 za Kijerumani. Zilikuwa silaha bora kuliko zote Uhehe, lakini kila risasi iliyofyatuliwa ilikuwa moja iliyopungua kwenye hesabu isiyojazwa, maana ng'ombe, pembe wala ujasiri havikuweza kutengeneza ganda la milimita 60 lenye fataki yake. Vita viliendelea hadi kifo cha Mkwawa mwaka 1898 kwa sababu nyingi, na ukame wa risasi ni mojawapo ambayo wasimulizi wetu huipa nafasi ndogo mno.

Miaka 16 baadaye Wajerumani wenyewe walikuwa mahali pa Mkwawa. Vita vya 1914 vilipoanza, sehemu kubwa ya askari wa Schutztruppe, jeshi lao la koloni, walikuwa bado na bunduki ya 71 na baruti yake nyeusi. Ilivuma kwa sauti nzito, ikarusha kichwa cha gramu 25, na kuacha wingu jeupe lililomwonyesha adui mahali pa kulenga. Bahari ilifungwa na manowari za Uingereza. Novemba 1914 kule Tanga kamanda wao Lettow-Vorbeck aliteka bunduki 455, bunduki za rashasha 16 na risasi zaidi ya laki tano, zote .303. Aprili 1915 meli ya Kijerumani ya Rubens iliponyoka hadi Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikashambuliwa na kuzama kwenye maji ya kina kidogo. Mamilioni ya risasi yaliyookolewa yalikuwa yamelowa maji ya chumvi, ikabidi yafunguliwe moja moja, baruti ianikwe, kisha zifungwe upya. Ni kazi iliyokula miezi ya mikono mingi, na waliofanya kazi hiyo hawakuandikiwa majina popote.

Mwaka 1916 Wabelgiji waliingia kutoka Kongo, wakachukua Kigoma Julai na Tabora Septemba. Nchi ya Karema na Mpimbwe ikaangukia upande wao kwa muda. Walikuja na Mauser ya mwaka 1889 yenye risasi ya 7.65×53, ambayo kwa jina ni Mauser lakini haikubali risasi ya Mauser ya Kijerumani hata moja. Hilo peke yake linatosha kuonyesha kwamba jina la mbunifu kwenye bunduki halimfai kitu mtu anayetafuta risasi.

Kusini mambo yalizidi. Novemba 1917, akiba ya Wajerumani ikiwa karibu kwisha na iliyobaki kwa wingi ikiwa ya 71, Lettow-Vorbeck aliivamia kambi ya Wareno pale Ngomano, ng'ambo ya Mto Ruvuma, akawapa wanajeshi wake bunduki za Kireno zenye risasi ya 6.5×58. Safu moja sasa ilikuwa na watu wa milimita 11, wa 7.9, wa .303 na wa 6.5. Kabla ya kila pigano ilibidi mtu ajue nani apewe kisanduku kipi. Aliposalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, Novemba 25, 1918, orodha ilionyesha bunduki 1,071 za Kiingereza na Kireno na risasi 208,000. Jeshi la Ujerumani lilimaliza vita bila bunduki zake, kwa sababu risasi za jina lake ziliisha kabla ya askari wake.

Amani ya Waingereza ilileta .303 kila kituo, na kando yake majina ya wawindaji. Hapa namba zilianza kuuza ndoto. .404 ya kampuni ya Jeffery, iliyotumiwa sana na idara za wanyama Afrika Mashariki, ina kichwa cha inchi 0.423; Wajerumani waliiita 10.75×73 na jina lao ndilo lililosema kweli. .275 ya kampuni ya Rigby, ambayo mwindaji Karamojo Bell aliitumia kuwaangusha tembo wengi wa Karamoja na kwingineko, ilikuwa risasi ileile ya Kijerumani ya 7×57, imevikwa inchi ili Mwingereza asione haya kuinunua. Na 9.3×62, iliyobuniwa na Otto Bock wa Berlin mwaka 1905 kwa walowezi wa makoloni ya Afrika waliotaka bunduki moja ya bei nafuu kwa kila mnyama, ilibaki na jina lisilo na mapambo: kichwa cha milimita 9.3, ganda la milimita 62, basi.

Sheria nayo ilizaa majina. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya Waingereza nchini India iliwazuia raia kuingiza risasi za .450, ikihofia kwamba zingetumiwa na waasi wenye Martini-Henry za wizi. Watengenezaji wa London hawakufunga maduka. Walitoa .470, .475 na .500/465, tofauti ya unywele, zenye kazi ileile. Kwa hiyo .470, ambayo wengi huihesabu kuwa bunduki ya kale ya uwindaji wa tembo Afrika Mashariki, ilizaliwa kwa hofu ya mpaka wa Kaskazini-Magharibi wa India. Wageni wanaokuja kuwinda kwenye vitalu vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Katavi huitukuza kama urithi wa Afrika. Afrika haikuulizwa.

Sheria yetu pia imeazima namba ya dukani. Kanuni za uwindaji hapa nchini hudai bunduki isiyopungua .375 kwa wanyama hatari kama tembo, nyati na simba. Namba hiyo ilitoka kwa kampuni ya Holland & Holland mwaka 1912, na kwa bahati nzuri ni ya kweli: kichwa chake kina inchi 0.375, sawa na milimita 9.5. Kwa hesabu hiyo 9.3×62 inabaki nje kwa pungufu ya karibu robo ya milimita, ingawa imewaangusha nyati kwa zaidi ya karne moja. Sidai kanuni ilegezwe. Bonde la Katuma na mbuga za Chada zina nyati wa kutosha kumfundisha mtu kwamba nguvu ya ziada si anasa. Ninachosema ni kwamba upana si nguvu. Zipo risasi za upana wa .375 ambazo zina nusu ya nguvu ya hiyo ya 1912. Mtunga kanuni anayetaka nguvu angeandika nguvu.

Mwaka 1956 ikaja .458 ya Winchester, na ndiyo namba ambayo taarifa za ujangili nchini huitaja mara nyingi pamoja na .375. Halafu vita vya Burundi na Kongo vya miaka ya 1990 vikavusha silaha za kivita ziwani. Katika lugha ya taarifa za polisi bunduki hizo zina majina ya kufupisha, SMG na SAR, na zote mbili hula risasi moja, 7.62×39, iliyobuniwa na Warusi mwaka 1943. Pembeni yake limebaki gobore, lililotengenezwa na fundi wa kienyeji kwa bomba la chuma, bila namba ya kiwanda. Kila kampeni ya kusalimisha silaha hulikuta tena. Linadumu kwa sababu ileile iliyofanya gumegume isizimike wakati wa Mkataba wa Brussels mwaka 1890: halina jina la risasi, kwa hiyo halina ghala linaloweza kufungwa. Serikali inaweza kudhibiti .458 kwa kudhibiti maduka machache. Kwa gobore haina dirisha la kusimama.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kila silaha iwe na mmiliki anayejulikana, jambo jema. Lakini udhibiti wa risasi unaanza na kuiandika risasi kwa jina lake kamili, na hapa ndipo naona upungufu unaoumiza. Taarifa nyingi za habari husema zimekamatwa risasi za bunduki ya kivita, au kwa bidii zaidi, risasi za 7.62. Hiyo inaturudisha kwenye zile 11 tatu za Karema. Zipo 7.62×39 za SMG. Zipo 7.62×51, ndefu zaidi, za bunduki za majeshi ya Magharibi. Ipo 7.62×54R ya Mrusi, iliyotumika tangu mwaka 1891 na bado inalisha bunduki za rashasha, yenye ukingo wa kitako unaoshikika kwa ukucha. Kila moja ina njia yake ya kufika Mpanda, na anayezichanganya chini ya namba moja anaifuta njia hiyo kabla mpelelezi hajaanza kuifuata.

Kitako cha ganda kina zaidi ya hayo. Viwanda vingi hugonga hapo alama yao na mwaka. K ilikuwa ya Kynoch wa Birmingham, RL ya maabara ya Woolwich, DM ya kiwanda cha Karlsruhe. Majeshi ya leo hugonga namba ya kiwanda na tarakimu mbili za mwaka. Askari wa wanyamapori anayeokota ganda kando ya mzoga, kilomita kadhaa kutoka kijiji cha Sitalike kando ya hifadhi, ana mkononi kitu kinachoweza kusema kilitengenezwa wapi, lini na kwa bunduki gani, ilimradi fomu anayoijaza ina nafasi ya mistari minne: upana wa kichwa au wa mdomo wa ganda, urefu wa ganda kwa milimita, kitako kina ukingo au hakina, na alama zote zilizogongwa zinakiliwe kama zilivyo, hata zile asizozielewa. Rula ya chuma na karatasi vinatosha kwa kazi hiyo, na maganda yaliyookotwa mwaka huu Mlele yataweza kulinganishwa na ya Kigoma, Tabora na ng'ambo ya ziwa bila mtu kubahatisha.